Shamba la Babu, Noti za Bibi na Harusi ya Desemba

Maswali ya wasomaji wenye asili ya India walioko nje, na ya majirani zao

Barua za safari hii zimetoka pande nyingi, lakini nyingi zimekwama mahali pamoja: familia inajua, karatasi haijui. Shangazi anakumbuka kijiji, kisima na mwembe. Ofisi ya India inataka namba ya kiwanja, tarehe, na jina lililoandikwa kwa herufi zilezile kwenye kila cheti. Za uraia na ardhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu huko ndiko watu wanakopotezea miaka. Nyingine tumezimaliza upesi.

Babu wa baba yangu alitoka Mandvi, Kachchh, akaja Mombasa kwa jahazi. Sisi wengine wote tumezaliwa huku. Je, mimi na wanangu tunaweza kupata kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, yaani "raia wa India wa ng'ambo")? Cheti chake cha kuzaliwa hakipo. (Msomaji, Mombasa)

Wewe ni kitukuu, na kitukuu ndiye wa mwisho anayeweza kuomba akiwa mtu mzima. Sheria ya Uraia ya India ya mwaka 1955, kama ilivyorekebishwa, inamtambua aliyekuwa raia wa India, aliyestahili kuwa raia tarehe 26 Januari 1950, au aliyetoka katika eneo lililoingia India baada ya 15 Agosti 1947. Kisha mtoto wake, mjukuu wake na kitukuu chake. Wanao ni vilembwe. Hao wana mlango mmoja tu: mtoto mdogo wa mtu anayestahili anaruhusiwa naye kuomba. Akitimiza miaka 18 mlango huo unafungwa, na yeye hatahesabiwa tena kupitia kwa babu yule. Kwa hiyo kama binti yako ana miaka 16 au 17, anza na jalada lake mapema, usingoje likizo ijayo.

Waliotoka Goa, Daman na Diu, hata kama wazee wao walibeba pasi za Kireno, wamo: maeneo hayo yaliingia India mwaka 1961. Asiyemo ni yule ambaye yeye mwenyewe, mzazi, babu au babu wa mzazi wake aliwahi kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh.

Sasa karatasi. Ofisa anatafuta vitu viwili: uthibitisho kwamba mzee alitoka India, na mnyororo wa vyeti unaokuunganisha naye bila pengo. Cheti cha kuzaliwa cha mzee si lazima kiwe ndicho. Pasi ya India ya enzi ya Waingereza inayotaja mahali pa kuzaliwa inatosha mara nyingi. Tafuteni pia cheti cha shule kutoka kijijini, dondoo ya rejista ya ardhi yenye jina lake, au cheti cha uzawa kinachotolewa na mamlaka ya huko. Jalada moja ambalo familia nyingi hulisahau ni la maombi ya uraia wa huku baada ya uhuru. Angalieni kama lilitaja alikozaliwa.

Mnyororo hukatika kwenye majina, na sababu yake ni utaratibu wa Kigujarati wenyewe. Jina huandikwa la mtu, la baba, kisha la ukoo. Makarani wa kikoloni wakalikata la ukoo na kulifanya la baba kuwa la mwisho. Tuchukue mfano wa kubuni: mzee anaitwa Jivraj Kanji, mwanawe Mohanlal Jivraj, mjukuu Kishor Mohanlal, halafu kitukuu anarudi kwenye jina la ukoo na kuwa Thakkar. Ofisa anaona koo nne. Msiandike maelezo marefu. Andaeni kiapo kimoja kinachosema "fulani na fulani ni mtu mmoja", kitaje kila tahajia iliyomo kwenye vyeti, na kiambatanishwe na chati ya ukoo ya ukurasa mmoja.

Maombi hujazwa mtandaoni, kisha nakala hupelekwa ubalozini pamoja na pasi yenye uhai wa angalau miezi sita. Ada ya waombaji walio nje imekuwa dola 275, bila gharama za wakala. Yanayorudishwa zaidi ni ya picha: iwe ya mraba, milimita 51 kwa 51, na mandharinyuma iwe ya rangi hafifu isiyo nyeupe. Studio nyingi hupiga nyeupe kwa mazoea, mwombaji akarudi tena.

Ukishaipata kadi huhitaji viza wala kujiandikisha polisi, na kwenye makumbusho na mbuga unalipa kiingilio cha mwenyeji. Huna kura, huwezi kununua shamba, na kazi za uandishi wa habari, utafiti, umisionari au tabligh zinahitaji kibali maalumu. Si uraia, ingawa jina lake linadanganya. India hairuhusu uraia pacha.

Babu mzaa mama aliacha shamba karibu na Gondal, wilaya ya Rajkot. Alifariki bila wosia. Wajomba wanalilima, na sasa wamemtumia mama karatasi ya kusaini, wakisema ni "utaratibu tu". Mama yuko Mwanza na dada yake yuko Leicester. Asaini? (Msomaji, Mwanza)

Asisaini kwanza. Karatasi ya namna hiyo kwa kawaida ni ya kile ambacho Gujarat nzima wanakiita hak kami, yaani kujitoa kwenye haki. Dada "hujitoa", ndugu wa kiume hubaki. Anayetaka kuwaachia ndugu zake ana hiari kamili, na wako wanaofanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini ni zawadi ya mali; msikubali kuiita utaratibu.

Kwa Wahindu, Wajaini, Masingasinga na Wabudha, Sheria ya Urithi ya 1956 inampa binti fungu sawa na la mwana katika mali ya baba aliyekufa bila wosia, na mjane na mama wa marehemu nao wana mafungu sawa na hayo. Kwenye mali ya ukoo, binti alifanywa mshirika sawa na kaka yake kwa marekebisho yaliyoanza 9 Septemba 2005. Wajomba wengi hujibu kwamba baba alikuwa ameshafariki kabla ya hapo. Jibu hilo lilizikwa tarehe 11 Agosti 2020, Mahakama ya Juu ya India ilipoamua kwamba haki ya binti ni ya kuzaliwa nayo, awe baba alikuwa hai mwaka 2005 au la. Familia za Kiislamu zina kanuni zao za mirathi. Majibu haya yasinakiliwe kwao.

Kabla ya kugombana, someni rejista. Gujarat imeiweka mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali iitwayo AnyRoR, na kutazama ni bure. Chagueni wilaya, taluka (sehemu ya wilaya) na kijiji, kisha namba ya kiwanja au ya khata, yaani akaunti ya mmiliki. Ikiwa hamna namba, kuna sehemu ya kutafuta kwa jina la mmiliki. Majina yako kwa maandishi ya Kigujarati, kwa hiyo mtafuteni mzee anayeyasoma. Vijiji vilivyopimwa upya vimebadilishiwa namba, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani shamba limepotea. Tovuti hiyohiyo ina sehemu ya kupata namba mpya kwa kutumia ya zamani.

Mtakutana na fomu tatu. Ya 7/12, wenyewe husema satbar, inaonyesha wenye shamba na mazao yake. Ya 8A inakusanya viwanja vyote vya khata moja. Iliyo muhimu kwenu ni fomu namba 6, daftari la mabadiliko: kila badiliko lina namba, tarehe na sababu. Tafuteni maneno matatu: varsai ni kuandikishwa kwa warithi, vechan ni mauzo, hak kami mnaijua sasa. Kama varsai ilishafanyika na majina ya mama na dada yake hayamo, basi pedhinamu, yaani orodha ya ukoo iliyotolewa kijijini mbele ya talati, ofisa wa ardhi wa kijiji, ilikuwa pungufu. Chukueni nakala iliyothibitishwa ya ingizo hilo na ya pedhinamu yake. Ndicho kielelezo chenu cha kwanza.

Jambo linalotuliza: kuandikwa kwenye daftari la mapato hakumpi mtu umiliki. Mahakama za India zimesema hivyo mara nyingi. Daftari linaonyesha nani anadaiwa kodi ya ardhi, basi. Jina la mama likikosekana, fungu lake halikufa. Limekuwa gumu kulitumia. Ikiwa varsai bado inaendelea, wahusika hupewa notisi ya siku 30, na pingamizi la maandishi ndani ya siku hizo husimamisha mambo. Ikiwa imeshapita, rufaa ya ingizo huenda kwa ofisa wa prant (msimamizi wa sehemu ya wilaya), na dai la kugawana shamba huenda mahakama ya madai. Hiyo ya pili huchukua miaka, kwa hiyo jaribuni kikao cha familia mkiwa na nakala mkononi. Ujomba ni kitu kimoja kabla ya satbar kuwekwa mezani, na kitu kingine baada ya hapo.

Mkimtuma mtu huko, mpeni hati ya uwakili ya jambo mahususi: itaje kijiji, namba za kiwanja, na kazi tatu au nne anazoruhusiwa. Isainiwe mbele ya ubalozi wa India, au mthibitishaji pamoja na apostili, muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati, ikiwa nchi mliyopo iko kwenye mkataba huo. Ikifika India ina miezi mitatu ya kulipiwa ushuru wa stempu. Ikipita hapo inaleta matatizo, na hii ndiyo hitilafu tunayoisikia zaidi, hati nzuri iliyolala kabatini kwa binamu. Hati ya uwakili ya jumla, ile ya "afanye lolote", msiitoe. Na asiwepo wa kuwaambia kwamba hati hiyo inaweza kutumika badala ya hati ya mauzo: Mahakama hiyo ya juu ilikataa mwaka 2011.

Mkishapata fungu mnaweza kulishikilia, kwa kuwa kurithi shamba kunaruhusiwa hata pale kununua kunapokatazwa. Kuuza ni lazima kwa raia wa India mkazi wa huko, na Gujarat inataka mnunuzi awe khedut, mkulima aliyesajiliwa. Ndiyo maana wanunuzi ni wachache na bei hukaa chini ya ile wanayoitaja jamaa kwenye simu.

Tumekuta kwenye sanduku la bibi noti za rupia 500 na 1,000, na chache za 2,000. Zina thamani? (Msomaji, Zanzibar)

Za 1,000 na za 500 za zamani zilifutwa usiku wa 8 Novemba 2016. Raia wa India waliokuwa nje walipewa hadi 30 Juni 2017 kuzibadilisha. Wenye asili ya India lakini pasi ya nchi nyingine hawakupewa hata hiyo. Leo ni karatasi za kumbukumbu, tena msizipeleke India kwa bunda: sheria ya 2017 inakataza kumiliki zaidi ya noti 10 za aina hiyo, na ina faini.

Angalieni lakini kama 500 zenu ni za zamani kweli. Ya zamani ina picha ya maandamano ya chumvi ya Gandhi mgongoni. Mpya ni ya kijivu, ndogo zaidi, ina Ngome Nyekundu mgongoni, na inatumika.

Za 2,000 ziliondolewa kwenye mzunguko tarehe 19 Mei 2023 lakini bado ni fedha halali. Hubadilishwa kwenye ofisi 19 za Benki Kuu ya India. Ya Ahmedabad ni mojawapo.

Mimi ni raia wa India, nimehamia Dar es Salaam kikazi. Akaunti yangu ya Ahmedabad bado ni ya kawaida na kodi ya flati inaingia humo. Kuna ubaya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Upo. Ukishakuwa mkazi wa nje, akaunti ya kawaida inapaswa kugeuzwa kuwa NRO. Ni fomu moja, nakala ya pasi, kibali cha kazi na uthibitisho wa anwani ya huku. NRO ndiyo ya mapato ya ndani ya India: kodi ya nyumba, pensheni, gawio. Riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 na nyongeza zake, na kutoa nje kuna kikomo cha dola milioni moja kwa mwaka wa fedha, unaoanza 1 Aprili. Kwa kawaida unahitaji tamko la kodi na cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, fomu ambazo kwa miaka mingi zimeitwa 15CA na 15CB.

Mshahara wako wa huku uupeleke kwenye NRE. Hiyo ni ya fedha zinazotoka nje. Riba yake haitozwi kodi India maadamu u mkazi wa nje, na fedha hutoka bila kikomo. Usiweke kodi ya flati kwenye NRE kwa njia za panya, maana benki huirudisha na kuuliza maswali. Anayeogopa rupia kushuka ana FCNR, amana ya fedha za kigeni ya mwaka 1 hadi 5.

Kosa la kawaida ni mpangaji. Mwenye nyumba akiwa nje, ni wajibu wa mpangaji kukata kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Wapangaji wengi hawajui, na wenye flati nao hunyamaza. Mwambie kwa maandishi.

Familia yetu ya Nairobi inataka harusi ifanyike Rajkot tarehe 27 Desemba, watoto wakiwa likizo. Mama mkwe mtarajiwa amekataa kabisa, hatoi sababu. (Msomaji, Nairobi)

Sababu yake ni kamurta. Jua linapokuwa katika nyota ya Mshale, kuanzia takribani 16 Desemba hadi 14 Januari, Wagujarati hawafungi ndoa, hawahamii nyumba mpya, hawafungui duka. Kwa wengi waliozaliwa nje, hicho ndicho kipindi cha likizo ndefu, na kila mwaka familia mbili hugombana kwa jambo ambalo upande mmoja unaona halihitaji kuelezwa. Mna njia mbili: wiki zinazotangulia katikati ya Desemba, msimu unapokuwa umefunguliwa baada ya Tulsi vivah (sherehe ya "ndoa" ya mrehani mtakatifu), au baada ya Uttarayan, sikukuu ya 14 Januari. Mwombeni pandit, kuhani wa Kihindu, tarehe tatu, si moja, kisha ndipo mtafute ukumbi. Watu hufanya kinyume chake, wakapoteza malipo ya awali.

Kuhusu saa, hadhari. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Pandit wa Rajkot akikutumia muhurta, yaani saa njema, wa shughuli itakayofanyika Nairobi, muulize ni wa saa za wapi. Tithi, siku ya mwezi, inaanza na kuisha dunia nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapo unabadilisha saa tu. Choghadiya ni jambo jingine: mchana, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, hugawanywa mafungu manane, kila moja kama dakika 90, na yanategemea jua la mahali ulipo. Amrit, Shubh, Labh na Char ni mema. Udveg, Kal na Rog huepukwa. Choghadiya ya Rajkot haisafiri. Ongezeni mkanganyiko wetu wenyewe wa "saa nne" na "10:00", na tumeshasikia bwana harusi aliyefika mandap, banda la ibada ya ndoa, wageni wakila.

Sheria nayo iangalieni. Ndoa ya Kihindu ambamo saptapadi, hatua saba, ni sehemu ya ibada hukamilika kwenye hatua ya saba. Wagujarati huzunguka moto mara nne, na wageni huhesabu wakidhani tatu zimerukwa; mizunguko na hatua ni vitu viwili. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilisisitiza kwamba cheti bila ibada hakifanyi ndoa, kwa hiyo wanaotaka "kusajili tu, ibada baadaye" wajue hatari yake. Pigeni picha za hatua saba, majina ya mashahidi yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi.

Maharusi wa dini tofauti hupitia Sheria Maalumu ya Ndoa ya 1954. Mmoja wao awe amekaa wilaya hiyo siku 30 kabla ya kutoa notisi, kisha notisi ibandikwe siku 30 nyingine. Likizo ya wiki tatu haitoshi.

Nataka kuagiza marumaru za sakafu kutoka Morbi, Gujarat. Muuzaji ameomba nimlipe kwenye akaunti ya shemeji yake. Nitamjuaje kama ni wa kweli? (Msomaji, Dodoma)

Kwa akaunti ya shemeji umeshapata nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye ankara yake. Mfanyabiashara wa India anayesafirisha nje ana namba ya GST (kodi ya bidhaa na huduma) yenye herufi na tarakimu 15, na unaweza kuisoma mwenyewe. Mbili za kwanza ni jimbo: 24 ni Gujarat, 27 Maharashtra, 07 Delhi. Kumi zinazofuata ni PAN, namba yake ya kodi, na herufi ya nne ya PAN inasema yeye ni nani: C ni kampuni, F ni ubia, P ni mtu binafsi, H ni familia ya Kihindu isiyogawanyika. Akijiita kampuni kubwa ya Morbi na namba yake inaanza na 07 ikiwa na P hapo kati, wewe unaongea na dalali wa Delhi. Dalali si mwizi, lakini bei yake ina tumbo la pili. Ihakiki kwenye tovuti ya GST, ni bure: jina, anwani na hali ya usajili visomeke sawa na ankara, na jina la akaunti ya benki vivyo hivyo. Akikutumia barua pepe ya ghafla kwamba "benki imebadilika", mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Usilipe GST. Mauzo ya nje ni ya kiwango sifuri, na mwenye hati ya ahadi ya msafirishaji hutoa mzigo bila kuitoza. Dai pakka bill, ankara halali. Kacha bill, kikaratasi kisicho na namba, ni nafuu kwake na ni janga kwako forodhani.

Mzigo wenyewe: boksi la marumaru za milimita 600 kwa 600 lina vipande 4, mita za mraba 1.44. Kontena la futi 20 hujaa uzito kabla ya kujaa nafasi, kwa hiyo uliza kilo za boksi moja, zidisha, ndipo ulinganishe na kikomo cha barabara ya kwenu. Taja kwenye mkataba unyonyaji wa maji usiozidi asilimia 0.5, daraja la kwanza, na namba moja ya rangi kwa oda nzima. Hili la rangi ndilo linaloumiza. Mapishi mawili ya tanuri hutoa "krimu" mbili, na huoni tofauti mpaka sebule imeshatandikwa. Mkaguzi wako afungue maboksi kumi kutoka palati tofauti, aangalie namba, kisha aweke vipande viwili uso kwa uso na kuvibonyeza pembeni, vikichezacheza, vimepinda.

Malipo ya asilimia 30 mwanzoni na 70 baada ya kuona nakala ya hati ya shehena ni ya kawaida. Tangu Julai 2022 India inaruhusu biashara kulipwa kwa rupia kupitia akaunti maalumu za mabenki, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Ulizia benki yako. Bei ikisemwa "lakh 3.5" ni laki tatu na nusu, neno letu ni lilelile, ila wao huandika 3,50,000. Mkato huo umewahi kusomwa kama milioni tatu na nusu.

Dhahabu ya harusi: ninunue India au niende na ya bibi? (Msomaji, Kampala)

Ukinunua, tafuta alama tatu ndani ya pete au kwenye kifungio cha bangili: nembo ya BIS (shirika la viwango la India), usafi, kwa mfano 22K916, na HUID, msimbo wa herufi na tarakimu sita. Tangu 1 Aprili 2023 sonara haruhusiwi kuuza pambo lisilo na HUID. Uingize kwenye programu ya BIS Care, itakwambia pambo ni la aina gani; ukiambiwa ni hereni na wewe umeshika mkufu, rudisha. GST ya dhahabu ni asilimia 3. Panapopiganiwa bei ni kwenye ghadaman, ufundi, kwa sababu bei ya gramu inajulikana na kila mtu. Tola ni gramu 11.66, wapo wanaokuhesabia 10 kwa tabasamu.

Ukienda na ya bibi, mwenye asili ya India aliyekaa nje zaidi ya mwaka mmoja huingiza bila ushuru mapambo ya gramu 40 akiwa mwanamke, 20 akiwa mwanamume. Ni mapambo tu; sarafu na vipande havimo. Yakizidi gramu hizo, pita njia nyekundu ya forodha na utangaze. Beba picha na risiti za zamani, na ukitoka India na mapambo unayokusudia kurudi nayo, omba cheti cha forodha kabla ya kupanda ndege.

Nimealikwa harusi ya mwenzangu wa kazini, Mgujarati. Niweke kiasi gani kwenye bahasha, na kwa nini wengine huongeza shilingi moja? (Msomaji, Tanga)

Bahasha hiyo huitwa chandlo. Kiasi ni uwezo wako, lakini kiishie na moja: 501, 1,001, 5,001. Kiasi kinachoishia na sifuri huonekana kimefungwa. Ile moja ni mbegu ya uhusiano kuendelea, na haigawanyiki kwa mbili. Bahasha nyingi huuzwa na sarafu imeshagandishwa juu. Usivae nyeusi wala nyeupe tupu. Kama ni Wajaini, fika mapema, kwani chakula huliwa kabla ya jua kuzama, na usishangae kukosa vitunguu na viazi mbatata.

Andika jina lako kamili nje ya bahasha, si "kutoka ofisini". Pembeni mwa mlango anakaa mjomba mwenye daftari, anaandika jina na kiasi, na daftari hilo litafunguliwa tena siku utakapomwoza mwanao.